Heri Kenda Shika? Jibu kwa Msomaji Aliyeuliza Kwa Nini Leo Huishinda Kesho

SWALI: "Mtaalamu, mimi ni mwajiriwa. Kipato changu si kikubwa, lakini si cha kulala njaa. Kila mwanzo wa mwezi naapa kuweka akiba, na mwezi ukiisha sina kitu. Mwenzangu kazini ananicheka hata kwa huko kuapa. Anasema akiba ni ujinga: fedha hupoteza nguvu, maisha hayana hakika, heri utumie ungali hai. Nani kati yetu amekosea? Na kama sisi wadogo tunalaumiwa kwa kula ya kesho, mbona serikali hukopa leo madeni yatakayolipwa na wajukuu?"

JIBU: Ndugu yangu, hoja ya mwenzako ni nzito kuliko unavyoipima, na tatizo lako ni dogo kuliko unavyojilaumu. Isitoshe, mnabishania mambo mawili tofauti. Yeye anauliza kama kesho inaaminika. Wewe unauliza kwa nini hutendi ulichokwisha kuamua mwenyewe. Maswali haya yote mawili hubandikwa jina la "nidhamu", na hapo ndipo ushauri mwingi wa fedha unapopotea njia.

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi. Tunaitumia methali hii kama tahadhari, lakini ndani yake mna hesabu kamili. Anayekubali kenda, yaani tisa, leo na kuziacha kumi za mwakani amekwisha kutaja bei yake ya kungoja: moja juu ya kenda, yaani kama asilimia 11 kwa mwaka. Muahidi kumi na mbili, huenda akangoja. Wachumi hukiita kipimo hicho kiwango cha punguzo, kwa kuwa hutuonyesha jinsi thamani ya kitu cha baadaye inavyopungua tunapokitazama tukiwa leo. Kila mtu anacho, hata ambaye hajawahi kukisikia. Anayeacha masomo ili aanze kazi mapema ametaja bei yake. Anayepanda mti utakaovunwa baada ya miaka thelathini ametaja yake. Nawe ukikopa simu kwa riba ya asilimia 40, umetaja yako.

Bei hiyo inatokana na nini? Mwaka 1834 John Rae, Mskoti aliyehamia Kanada, alichapisha kitabu akitafuta sababu ya jamii moja kulimbikiza mali na nyingine kutumia yote inayopata. Alitaja mambo manne. Mawili humvuta mtu kuelekea kesho: hamu ya kuwaachia wengine, hasa watoto, na uwezo wa kujizuia. Mawili humrudisha leo: kutokuwa na hakika ya uhai, na msisimko wa kitu kilicho mbele ya macho. Karibu miaka 200 imepita, na sijaona maelezo yanayoyapita hayo kwa uzuri. Angalia lakini: katika manne hayo, nidhamu ni moja tu. Anayekwambia tatizo lako ni nidhamu peke yake ameyaruka matatu.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1930, Mmarekani Irving Fisher aliongeza upande wa pili. Alisema riba huzaliwa pale nguvu mbili zinapokutana: papara ya watu ya kutumia pato lao, na fursa ya kuliwekeza pato hilo likazaa. Kungoja hulipwa kwa sababu kuna mtu mahali fulani anayeweza kukichukua ulichokiacha leo akakifanya kizae. Fursa hiyo isipokufikia, au ikikufikia imeliwa njiani na makato na ulaghai, kungoja kwako hakutazaa chochote hata uwe mvumilivu namna gani.

Sasa nikupe kisa kimoja ambacho, kwa maoni yangu, kila mtoa ushauri wa fedha angepaswa kukijua. Huenda umesikia jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto aliwekewa kitu kitamu kimoja mezani na kuambiwa kwamba akingoja mpaka mtu mzima arudi, atapewa viwili. Baadaye watafiti waliwafuatilia baadhi ya watoto hao, ikaonekana kwamba waliongoja zaidi walifanya vizuri shuleni. Jambo hilo likageuzwa mahubiri duniani kote: anayejua kungoja ndiye atakayefanikiwa.

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walibadilisha kitu kimoja tu. Kabla ya jaribio lenyewe, kila mtoto alipewa kazi ya kuchora kwa kalamu za rangi zilizochakaa, akaambiwa kwamba akisubiri kidogo ataletewa kalamu nyingi na nzuri zaidi. Baada ya dakika mbili na nusu mtu mzima alirudi. Kwa nusu ya watoto, alikuja na kalamu alizoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi kwamba kumbe hazipo. Kisha mchezo ukarudiwa kwa vibandiko vya picha, na mtu mzima yuleyule akatimiza tena, au akavunja tena. Ndipo kikaletwa kile kitamu, na ahadi ya dakika 15. Katika watoto 14 walioona ahadi zikitimizwa, 9 walingoja mpaka mwisho. Katika 14 walioona ahadi zikivunjwa, alingoja mmoja. Kundi la kwanza lilisubiri kwa wastani wa dakika 12, la pili dakika 3.

Je, hao 13 waliokula mapema hawakuwa na nidhamu? Walikuwa na akili. Mtu amekudanganya mara mbili mbele ya macho yako. Kumngoja mara ya tatu ni kosa la hesabu. Mwaka 2018 Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan waliurudia ule uchunguzi wa kuwafuatilia watoto, safari hii kwa zaidi ya watoto 900 wa familia za kila namna. Uhusiano kati ya kungoja na matokeo ya shule ulipungua kwa nusu, na hali ya familia ilipoingizwa kwenye hesabu, sehemu kubwa ya kilichobaki ikatoweka. Mtoto anayetoka mahali ambapo leo chakula kipo na kesho huenda kisiwepo hujifunza mapema kwamba kilicho mkononi ndicho chake.

Ndiyo maana nasema mwenzako ana hoja. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini akiba ya fedha huoza. Benki ikikupa asilimia 6 kwa mwaka na bei za vitu zikapanda kwa asilimia 9, daftari lako linaonyesha faida huku nguvu ya fedha yako ya kununua ikisinyaa kwa karibu asilimia 3. Mambo yakiharibika kabisa, huoza yote. Ujerumani, Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilifikia mark 4,200,000,000,000. Waliokuwa wameweka akiba kwa miaka thelathini, watu waliofuata ushauri wote wa subira, walijikuta hawana kitu, huku waliokopa kununua nyumba wakilipa madeni yao kwa fedha isiyotosha nauli. Jamii iliyopitia hayo haihitaji kuhubiriwa subira. Inahitaji fedha inayotunza thamani yake, na hilo ni jukumu la benki kuu na serikali kabla halijawa jukumu la mwananchi.

Lakini mwenzako anaanza vizuri na kumaliza vibaya. Kutoka "fedha hupoteza nguvu" anaruka hadi "tumia yote". Hitimisho sahihi ni kubadilisha umbo la akiba: iwe ujuzi, iwe chombo cha kazi, iwe ardhi yenye hati, iwe hati fungani, yaani mkopo unaoipa serikali au kampuni, au amana ambayo riba yake inaupita mfumuko wa bei. Na kuna umbo moja watu hulisahau. Kama una deni la asilimia 20 na unalilipa kabla ya wakati wake, umepata faida ya asilimia 20 isiyo na shaka yoyote. Ni vigumu sana kukuta uwekezaji mwingine wa aina hiyo.

Vivyo hivyo kwa hoja yake ya kifo. Ni kweli hatujui siku wala saa. Ila tuipime. Kwa mtu wa miaka thelathini hivi, karibu katika kila nchi, uwezekano wa kutofika mwaka ujao ni chini ya asilimia moja. Hofu ya kufa, basi, inahalalisha kuipunguza thamani ya mwakani kwa asilimia moja hivi. Mwenzako ameipunguza kwa mia. Tena wasiwasi wa maisha una pande mbili. Kuna hatari ya kufa ukiacha akiba, na kuna hatari ya kuishi sana bila akiba: kuugua, kuachishwa kazi, kuzeeka na nguvu zimekwisha. Hatari ya pili ndiyo inayowapata wengi zaidi, na ndiyo inayowaangukia watoto wako.

Nigusie pia, kwa kifupi, kwamba si kila anayekula ya kesho amekosea. Franco Modigliani, katika kazi aliyoianza na Richard Brumberg mwaka 1954, alieleza kwamba mtu mwenye busara husawazisha matumizi yake katika uhai wake wote: hukopa akiwa kijana, huweka akiba akiwa na nguvu, hula akiba yake uzeeni. Mwanafunzi anayekopa ada anamwomba mtu mzima atakayekuwa amsaidie sasa, kwa sababu mtu mzima huyo atakuwa na uwezo kumzidi.

Hata hivyo, sitaki uondoke ukidhani kila uchaguzi wa leo una sababu nzuri nyuma yake. Mwaka 1992 jeshi la Marekani lilikuwa linapunguza watu baada ya vita baridi. Waliokubali kuondoka walipewa hiari: wachukue kiinua mgongo chote kwa mkupuo, au walipwe kila mwaka kwa muda ulio mara mbili ya miaka waliyotumikia. John Warner na Saul Pleeter walichambua maamuzi ya watu zaidi ya 66,000. Ili mkupuo uwe na faida kuliko malipo ya kila mwaka, mtu alipaswa kuwa na kiwango cha punguzo cha asilimia 17 au zaidi, wakati amana salama hazikuwa zinalipa hata nusu ya hiyo. Mlipaji alikuwa serikali ya Marekani, ambayo wengi huiona mdaiwa wa kutegemewa. Hata hivyo zaidi ya nusu ya maofisa na zaidi ya asilimia 90 ya askari wa vyeo vya chini walichukua mkupuo. Uchaguzi wao uliiokoa serikali dola bilioni 1.7.

Baadhi yao walikuwa na madeni ya riba kubwa, au biashara ya kuanzisha, na kwao mkupuo ulikuwa sahihi. Lakini watu 9 kati ya 10? Hapo lazima tukubali kwamba fungu kubwa lililo mezani lina nguvu yake yenyewe, ile ambayo Rae aliiita msisimko wa kilichopo. Ukiwekewa chaguo kama hilo siku moja, usijibu kabla hujaligeuza kuwa asilimia: fungu hili ningelazimika kulizalisha kwa kiwango gani kila mwaka ili linilipe sawa na yale malipo madogomadogo? Ofisa yeyote wa benki anaweza kukupigia hesabu hiyo kwa dakika chache. Ukiona asilimia 17, na hujui biashara inayolipa 17, jibu umelipata.

Sasa nije kwako. Wewe unaiamini kesho. Unataka akiba, unaijua faida yake, mwanzo wa mwezi unaapa. Kinachokushinda kilionekana vizuri kwenye swali ambalo Richard Thaler aliwauliza watu, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1981. Umeshinda dola 15 na unaweza kuzichukua sasa hivi. Ungetaka ngapi ili ungoje mwezi mmoja? Mwaka mmoja? Miaka kumi? Majibu ya katikati yalikuwa dola 20, dola 50 na dola 100. Yageuze yawe riba ya mwaka, kwa hesabu ya riba inayojilimbikiza kila wakati: kungoja mwezi kulidaiwa asilimia 345, kungoja mwaka asilimia 120, kungoja miaka kumi asilimia 19.

Tazama namba hizo vizuri. Watu walewale wenye subira ya kutosha wakiulizwa habari za miaka kumi wana papara kali wakiulizwa habari za mwezi mmoja. Hatua ya kwanza kutoka sasa ndiyo ghali. Hatua za mbali ni rahisi. Ukiniuliza kama mwakani, tarehe moja ya mwezi fulani, nitaweka asilimia 10 ya mshahara, nitasema ndiyo bila shida, kwa sababu nikiwa hapa nilipo siku zote za mwakani ziko mbali sawasawa. Siku hiyo ikifika imekuwa "sasa", na "sasa" ina bei yake. Robert Strotz aliandika mwaka 1955 kwamba mtu anayepima wakati kwa namna hii atauvunja mpango wake mwenyewe hata kama hakuna habari mpya yoyote iliyoingia. Hakuibiwa, hakuugua, bei hazikupanda. Ni siku tu zilizosogea. Mwaka 1997 David Laibson aliipa hali hiyo kanuni nyepesi ya hesabu ambayo wachumi wanaitumia mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, unapoapa tarehe moja unasema kweli. Anayevunja kiapo baadaye ni wewe yuleyule, ukiwa umesimama mahali pengine kwenye kalenda. Kuapa kwa sauti kubwa zaidi hakutasaidia. Kinachosaidia ni yule wa tarehe moja, mwenye busara, kumfungia mlango yule wa tarehe ishirini.

Ushahidi upo. Nchini Ufilipino, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walishirikiana na benki moja kuwapa baadhi ya wateja akaunti ya kujifunga: huwezi kutoa fedha mpaka ufike tarehe au kiasi ulichokitaja mwenyewe. Riba ilikuwa ileile ya akaunti ya kawaida. Kwa hesabu za kawaida hakuna mtu angeitaka, maana inakunyima uhuru bila kukulipa kitu. Lakini zaidi ya robo ya walioombwa waliikubali, na baada ya mwaka mmoja akiba ya kundi lililopewa fursa hiyo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 81 ikilinganishwa na kundi lisilopewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Watu hawa waliyajua maradhi yao wakanunua dawa, na bei yake ilikuwa uhuru wao.

Mpango wa pili naupenda zaidi kwa sababu hauumizi. Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliwaomba wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani wakubali leo kwamba kila nyongeza ya mshahara ijayo, sehemu yake iende kwenye akiba ya uzeeni. Leo hakuna kinachokatwa. Nyongeza ikija, mshahara unaofika mkononi haupungui, na akiba inapanda kimyakimya. Waliojiunga walianza wakiweka asilimia 3.5 ya mshahara. Baada ya miezi 40 walikuwa wanaweka asilimia 13.6. Mpango unaitumia tabia ileile inayokuangusha: ahadi za mbali hazitoki kwa shida, basi toa ahadi ikiwa bado mbali, na uifunge papo hapo.

Kwa vitendo: agiza benki au mwajiri akate akiba siku ileile mshahara unapoingia, kabla hujauona. Anza na kiasi kidogo kiasi cha kutoumia, kisha saini mapema kwamba nyongeza ijayo itagawanywa. Weka fedha hiyo mahali ambapo kuitoa kunahitaji siku kadhaa na saini. Lakini usiifunge yote. Akiba ya dharura, hata ya matumizi ya miezi miwili, iwe wazi, la sivyo siku ya ugonjwa utakwenda kukopa kwa riba kubwa huku fedha zako zimefungiwa, na utakuwa umejifunga kwa hasara. Tena haya yote ni kwa mtu ambaye kipato chake kinabakiza kitu. Kama hakibakizi, mbinu za akiba si jibu; tafuta kipato, au punguza deni kwanza. Ni dhuluma kumwambia asiyetoshelezwa na mshahara wake kwamba anakosa nidhamu.

Umeuliza pia kuhusu nchi. Nchi zina ugonjwa wako na ugonjwa wa mwenzako kwa pamoja, halafu zina wa tatu ambao ninyi wawili hamna.

Norway iligundua mafuta yake makubwa mwaka 1969. Mwaka 1990 bunge lilipitisha sheria ya mfuko wa kutunza mapato hayo, na fedha za kwanza ziliwekwa mwaka 1996. Mwaka 2001 walijiwekea kanuni: serikali itumie kwa wastani asilimia 4 tu ya mfuko kwa mwaka, kiasi kilichokadiriwa kuwa faida yake halisi. Mwaka 2017 wakaishusha hadi asilimia 3, kwa kuwa faida iliyotarajiwa duniani ilikuwa imepungua. Ni kujifunga kulekule, isipokuwa safari hii anayejifunga ni taifa. Lakini kabla hujaimba sifa za akiba, tazama Nauru. Kisiwa hicho kilipata uhuru mwaka 1968 kikiwa na fosfeti nyingi, madini ya kutengenezea mbolea, na kikaanzisha mfuko wa akiba. Mfuko ukayeyuka kwa uwekezaji mbovu na matumizi ya hovyo, fosfeti ikakaribia kuisha, na sehemu kubwa ya ardhi yao imebaki mashimo na miamba isiyolimika. Wote wawili waliweka akiba. Tofauti ni nani aliyeishika na nani aliyekuwa na uwezo wa kumhoji.

Nchi inaweza pia kukosea upande wa pili, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Umoja wa Kisovieti ulipoanza mpango wake wa kwanza wa miaka mitano mwaka 1928, uliamua kujenga viwanda vya kesho kwa nafaka ya leo. Wakulima walinyang'anywa mavuno, nafaka ikauzwa nje ili kununua mitambo, na njaa ya 1932 na 1933 ikaua mamilioni. Hao hawakuchagua kesho; wengine waliwachagulia. Mwaka 1961 Edmund Phelps alithibitisha kwa hesabu kwamba hata bila ukatili wowote nchi inaweza kuweka akiba kupita kiasi: kila kizazi kinajinyima kujenga mitaji ambayo kizazi kijacho nacho kitajinyima kuitunza, na hakuna kinachofika siku ya kula. Kiongozi anayekuomba ufunge mkanda kwa ajili ya kesho aeleze kesho hiyo ni lini, na ni nani mwingine anayefunga.

Ugonjwa wa tatu ni huu: kwa nchi, anayekula leo na anayelipa kesho ni watu tofauti. Wewe ukijikopesha, utalipa wewe. Wajukuu hawapigi kura wala hawakai mezani. Frank Ramsey, kijana wa Cambridge aliyefariki akiwa na miaka 26, aliandika mwaka 1928 kwamba kuipunguzia thamani raha ya watu wa baadaye kwa sababu tu wako mbali hakutetewi na maadili yoyote, na kunatokana na udhaifu wa uwezo wa kuwazia. Nakubaliana naye. Umbali wa mtu katika wakati haumpunguzii utu, kama ambavyo umbali wa nchi yake haumpunguzii.

Jambo hili lina uzito wa namba. Chukua hasara ya fedha 1,000,000 itakayotokea baada ya miaka 100. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 1.4 kwa mwaka, inafaa leo tutumie hadi karibu 249,000 kuizuia. Kwa asilimia 5, tusitumie zaidi ya kama 7,600. Hasara ni ileile, miaka ni ileile. Mwaka 2006 Nicholas Stern, katika ripoti yake kwa serikali ya Uingereza kuhusu mabadiliko ya tabianchi, alitumia kiwango kinachokaribia hicho cha kwanza na kusema dunia ichukue hatua kubwa mara moja. William Nordhaus, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alimpinga akisema viwango vilingane na faida inayoonekana masokoni, ambayo iko karibu na hicho cha pili, hivyo hatua zianze taratibu na kuongezeka. Walitofautiana kwa mambo mengine pia, lakini sehemu kubwa ya ubishi wao ilikaa ndani ya namba hiyo moja.

Mimi naona Nordhaus ana haki kwa miradi ya miaka kumi au ishirini, ambapo anayengoja na anayelipwa ni yuleyule, na soko linaweza kutupa bei. Kwa miaka mia hakuna soko; hakuna anayeweza kukuuzia ahadi ya wajukuu wa wajukuu. Hazina ya Uingereza imeifuata njia inayonivutia: hutumia asilimia 3.5 kwa miaka 30 ya mwanzo ya mradi, kisha kiwango hushuka kwa ngazi hadi asilimia 1 kwa miaka inayozidi 300. Sababu yake ni kwamba kadiri tunavyokwenda mbali ndivyo tusivyojua kiwango sahihi ni kipi, na Martin Weitzman alionyesha mwaka 1998 kwamba kutojua huko kunapaswa kukishusha kiwango cha miaka ya mbali.

Kuhusu madeni yenyewe: kukopa kwa serikali si wizi kwa wajukuu kwa lazima. Serikali ikikopa kwa miaka 30 kujenga bwawa la umeme litakalodumu miaka 60, ni haki wajukuu wachangie, kwa kuwa watawasha taa. Tena, hata ukimkubali Ramsey, wajukuu hao wakiwa na kipato kikubwa kuliko chetu, kuwaachia sehemu ya mzigo si uonevu. Ikikopa kwa miaka 30 kulipa mishahara ya mwaka huu, posho na safari, hapo wamepelekewa hati ya malipo ya karamu wasiyoalikwa. Ukitaka kuipima nchi yako, tafuta mambo matatu: kilichonunuliwa kitadumu miaka mingapi, deni litalipwa kwa miaka mingapi, na riba yake ni kubwa au ndogo kuliko kasi ambayo pato la taifa linakua. Mara nyingi mengi ya hayo hupatikana kwenye nyaraka za bajeti na taarifa za benki kuu. Pale mkataba wa mkopo unapofanywa siri, mwandikie mbunge wako umuulize umri wa kitu kilichonunuliwa kabla ya kumuuliza ukubwa wa deni.